Diski Mbili Inatosha

Baba Benita,

Naenda Kasumbalesa, ku mupaka, kupokea mudogo yako Nzanzu. Bukari iko mu sahani yenye kufunikwa, sombe iko mu frigo. Mukishakula, muoshe.

Mimi nimechoka. Tangu vita iliingia Goma, uko unachagua seva ya kuchunga mapicha ya jamaa. Asubuhi simu ya Nzanzu inalia, unaniambia "ngoja kwanza", uko unabishana na Benita: ya diski mbili ao ya diski ine, juu filme zenu za mupira zipate nafasi. Njo mimi nilimujibu.

~~Kama unapenda ya ine, nunua.~~ Hapana. Nunua ya mbili, leo. Moja ikikufa, ingine inabakia na yote. Ongeza batri, courant ya hapa unaijua, inakatikakatika.

Nilimuuliza Nzanzu alitoka Goma na nini. Anasema: viatu mu miguu, na ile diski ulimuachia muaka jana eti tusichunge yote nyumba moja, yenye harusi yetu na sauti ya marehemu baba yenu. Ameifunga mu shimizi. Manguo yake yote ilibakia.

Asikuye kukukuta bado unachagua.

Mama Benita