Kiendeshi Changu na Kosa Nililomtwisha Koku

Alhamisi, Kibeta. Mvua tangu asubuhi. Naandika polepole, nikiwa kitandani.

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Sitaki kuondoka na jambo hili.

Nilipostaafu ualimu wa kompyuta na kurudi nyumbani, chama kimoja cha wakulima huko Muleba kiliniomba niunganishe vipima unyevu viwili vya kahawa na kompyuta moja. Nikaandika kiendeshi, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa. Kwenye meza ya kwanza alikaa karani Koku, ya pili binamu yake, Felista.

Msimu ulipochanganya, kahawa kavu ikaanza kusomeka mbichi kwenye meza ya Koku, na mbichi kusomeka kavu. Watu wakasema anapendelea ndugu zake.

Niliitwa kuchunguza. Niliongeza ndani ya programu mistari ya kurekodi kila hatua inayopitia. Kosa likatoweka. Nilipima siku nzima, halikurudi. Ripoti yangu ikasema mashine ni nzima, kosa ni la karani. Koku akaachishwa kazi.

Ile mistari ndiyo iliyolificha kosa, kwa kuichelewesha programu kidogo. Nami niliiondoa kabla ya kuondoka.

Sikujua kwamba inalificha. Au nilijua? Hapo ndipo ninapopotea.

Wiki hii nimeifungua programu ile tena. Vipima vyote viwili vilikuwa vikiweka namba zao mahali pamoja kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Felista akipima kabla namba ya Koku haijachukuliwa, Koku anapewa namba ya Felista. Nimeweka kufuli, ili mmoja asubiri mwenzake amalize. Kompyuta ikaganda kabisa. Nimelihamisha kufuli mahali pengine, nikatengeneza vipima viwili vya kuigiza, na leo ni siku ya tatu bila kosa. Bado siamini. Nimeliponya, au nimelificha kwa mara ya pili?

Mchana Koku alikuja kuniona kutoka kata ya Bakoba, na mkungu wa ndizi kichwani.

“Tata, hata kitandani unagombana na mashine? Iache ipumzike, hata kama wewe hutaki!” alisema, akiniita baba kwa lugha ya kwetu.

Nilimsogezea kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama tunavyomkaribisha mgeni. Akatia punje mdomoni. Ndipo nikamwambia yote, vibaya, nikirudia rudia, kwa maneno ya darasani.

“Sema kama mtu,” akanikatiza.

“Hukukosea, Koku. Nilikosea mimi.”

Akaitema ile punje kiganjani. Kwetu mgeni hafanyi hivyo. Nilitegemea anitukane, lakini aliifumbata kwa vidole.

“Mimi nilijua ni Felista,” alisema. “Nilijua anabadilisha kadi za vipimo ili anichongee. Mumewe alipofariki, sikwenda msibani. Nilipita barabarani Nshamba, mbele ya nyumba yao, nikasikia wanaimba, nikaendelea na safari.”

Mimi nilikuwa nimehesabu kazi aliyoipoteza, basi. Kumbe miaka yote kosa langu lilikuwa likitembea katika nyumba ambazo sijawahi kuingia.

Nikamwomba msamaha. Akasimama, akafunga kitenge vizuri.

“Huo utaniomba siku nyingine. Jumamosi namleta Felista hapa. Utamwambia wewe, mimi nikiwa nimekaa pembeni. Na usife kabla, Tata, maana mimi hataniamini.”

Alicheka kidogo aliposema hivyo. Sijui kilikuwa kicheko cha namna gani.

Siku mbili. Nimejaribu kuandika sentensi ya kwanza ya kumwambia Felista, nimefuta mara nne. Kila ninapoanza na mashine, naona najificha. Nikianza na mimi, siwezi kusema kama nilijua au sikujua.

Labda nianze na hilo: kwamba sijui, na kwamba niliweka sahihi kwenye ripoti hata hivyo.