Usije Kwangu Kusukwa

Bibi harusi wangu,

Picha ya gauni nimeiona, umependeza. Huku paka wetu amezaa tena, safari hii ndani ya kapu langu la rasta. Nimemwachia, maana siku hizi halina kazi.

Kansa imeondoka, mwanangu, ila kemo imeniachia ganzi vidoleni. Juzi nilimsuka jirani, nikamvuta mpaka akatokwa machozi, na mimi sina habari.

Nimekuwa nikienda kwa tabibu wa sindano, anitoe hiyo ganzi. Huchoma vidole na kuuliza, "Unasikia?" Kila mara najibu, "Nasikia, tena inauma!" Niliogopa atanikatia tamaa.

Jana nililala kitandani kwake, nimefumba macho. Akauliza, "Na hapa?" Nikapiga kelele, "Aii, taratibu, baba!" Nilipofumbua macho, sindano zote zilikuwa bado kwenye sahani, naye ananitazama.

Basi tafuta msusi mwingine. Wakikuuliza, sema shangazi ana wageni. Kichwa chako nakijua tangu utosi ukiwa laini. Sitaki nikishike leo kama nimeshika jiwe.

Ni mimi,
Shangazi yako