Mpini wa Mikono Miwili

Ksar Hellal, Jumapili

Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima na kuubusu mkono wako kutoka huku mbali. Kifua kinaendeleaje? Jalila aliniambia kwenye simu kwamba hewa ya Gabes imekupunguzia kikohozi, na kwamba jioni unakaa mlangoni na wajukuu. Nilifurahi kusikia. Lakini akaniambia pia kwamba mtu akitaja habari za mjini kwetu unanyanyuka na kuondoka, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Dada Jalila, ukimsomea Baba, nakuomba usiruke neno hata moja.

Mimi ni mzima. Mzeituni wa uani nimeupogoa. Mama Zakia wa nyumba ya pili anakusalimu. Kila Ijumaa ananiletea kuskusi na kuniambia nimekonda hadi namtia aibu. Karakana yako ina kufuli. Sijaingia tangu siku uliyogawa vifaa vyako.

Raudha, mwenzangu wa kiwandani, amerudi. Baada ya hospitali ya Sousse alikaa kwa dada yake miezi minne. Madaktari wanasema mkono wa kushoto umepona, maana yake hauna kidonda tena. Vidole vitatu vimejikunja na havikunjuki. Asubuhi binti yake, Amal, hupita kwa Mama Zakia kusukwa nywele kabla ya kwenda shule.

Alhamisi alikuja nyumbani. Nilimwekea chai, akaishika glasi kwa mkono wa kulia; ule mwingine aliuweka ndani ya shali. Hakuzungumzia mkono. Alikuulizia wewe.

"Ami Taher yuko wapi? Nimepita karakana nimekuta kufuli."

Nikamjibu kwamba umehamia kwa Jalila, uzee tu. Akaiweka glasi chini.

"Mondher, mimi si mgeni hapa. Mama Zakia kanieleza. Eti mzee ameacha kazi kwa sababu mahali alipochomelea palikatika, ndiyo nikaungua. Palikatika lini? Mimi nakumbuka mpini ulikuwa umeshakatwa, na wewe ndiye uliyenionyesha namna ya kuutumia."



Baba, unakumbuka ulivyoutengeneza mpini ule. Ile mashine ya kuchapia fulana ilikuja na mpini mfupi wa katikati, na Raudha alikuwa ameshaunguza vidole mara mbili. Ulikuja na futi yako ukampima mabega. Ukachomelea chuma kipana cha kushikwa pande zote mbili, ukakivika mbao kila upande ili kisipate moto, ukaweka na kifungio: pasipobanwa kushoto na kulia kwa pamoja, bamba la moto halishuki. Bwana Lamine, mwenye kiwanda, alicheka, akasema yeye aliagiza mpini, wewe umemletea baiskeli. Ukamwambia mikono yote ikiwa na kazi juu, hakuna utakaopotea chini. Miaka mitatu hakuungua mtu.

Kisha timu yetu ikaingia fainali, na kila mtu mjini akataka jezi. Tulikuwa wawili kwenye mashine ile, mimi na Raudha, tukipokezana. Niliona kwamba mkono mmoja ukiwa huru ungeweza kunyoosha nguo huku mwingine ukishusha bamba. Jumatatu asubuhi, kabla Raudha hajafika, nilichukua msumeno wako wa chuma nikakata upande wa kushoto. Kifungio nikakikaza kwa waya kisizuie tena. Kile kipande nikakitupa nyuma ya matangi ya rangi.

Raudha alipouona alisita. Akaniuliza, "Ami Taher anajua?"

Nikamwambia ni wewe uliyeniambia niukate.

Hapo ndipo alipoushika. Hata mimi nilimwona akitulia aliposikia jina lako. Jumatano, kabla ya chakula cha mchana, alikuwa ananyoosha ukosi wa jezi kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukashusha. Bamba lilikuwa na joto la nyuzijoto mia na themanini. Sitaandika zaidi ya hapo.

Bwana Lamine alipopanda ghorofani kuuliza kilichotokea, nilisema mpini umekatika. Siku ya pili aliiuza mashine kama chuma chakavu, kwa hiyo hukuiona. Uliniuliza mara moja tu, mezani, ulikatikia wapi, nami nikakuonyesha kwa kidole juu ya kitambaa: hapa, ulipochomelea. Ukavua miwani ukaifuta, ukasema labda ni macho. Wiki ile ile ukaanza kugawa vifaa. Nilikusaidia kuvibeba, Baba. Nilivibeba hadi kwenye gari na sikusema kitu.

Nilimwambia Raudha ukweli, nikamwomba radhi. Alisema, "Sikuja kwa hilo. Mkono wangu nitajua mwenyewe nitaufanyaje. Usimwache yule mzee afe akidhani ni yeye." Alipofika mlangoni akageuka, akaniambia kwamba siku ile maneno yangu peke yake asingeyafuata.

Jana nilikwenda kiwandani nikamweleza Bwana Lamine mbele ya wafanyakazi wote. Akaniambia nisirudi. Mama Zakia amesikia. Ijumaa ijayo sitarajii sahani. Kwako nilipaswa kuanzia, nimekuja mwisho, na hilo nalo ni kosa langu.

Sikuombi unisamehe kwenye barua. Ukitaka nije Gabes, Jalila anipigie. Ukinyamaza, nitaelewa. Lakini jambo moja ulijue leo, kabla hujalala: mashine ilipokuwa inashushwa ngazi, niliinama nikapatazama pale ulipochomelea. Hapakuwa na hata ufa. Kazi yako ilikuwa imeshika kama siku ya kwanza, na mimi niliijua kweli hiyo siku zote ulizokuwa ukiyalaumu macho yako.

Nisalimie wajukuu na shemeji. Mungu akulindie kifua chako.

Mwanao,
Mondher