Giga Nne Zinazopotea Mchana

Jumatatu, 4 Agosti
Kahawa, kisha kompyuta. Inawaka polepole kama mzee anayetafuta kandambili zake. Asubuhi diski ilikuwa na nafasi ya giga tisa. Nimeskani picha za marehemu Baba na vyeti vyake, nimeandika nasaba mpaka kwa babu. Kikao cha ukoo ni tarehe 17. Adhuhuri nikaswali, nikala, nikajinyoosha. Kurudi, giga tano. Nyumba nzima tuko wawili, mimi na Hamza.

Jumanne, 5 Agosti
Tena. Tisa asubuhi, tano mchana. Hamza alikuwa sebuleni anapiga pasi shati. Nimemtazama, hakunitazama.

Hamza ni mdogo wangu, baba mmoja, mama mbalimbali. Baba alimwoa mama yake kule Pongwe nikiwa darasa la sita, na sisi tukaambiwa baadaye. Kompyuta hii aliileta Hamza. Anaijua kuliko mimi, na hilo ndilo linalonikosesha raha. Nasaba itakayosomwa kikaoni ndiyo itakayoonyesha warithi wa nyumba hii. Mtu akichomeka au akifuta jina, nani atajua?

Jina la mama yake sijaliandika bado. Nitaliandika mwisho.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemtega. Nimefungua picha zote pamoja na nasaba, nikaacha kompyuta inawaka. Mlango nimeufunga, ufunguo nimeufundika kwenye pindo la kanga. Nimekwenda sokoni kununua nazi. Kurudi, giga nne na nusu. Mlango haujaguswa.

Basi ana ufunguo wa pili.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimelipata faili linalokula nafasi. Nimeiamuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, na hilo hapo, limetuna, lina tarehe ya leo. Nimejaribu kulifuta. Limekataa, eti linatumika. Linatumika na nani, na mimi nimeketi peke yangu?

Hamza alipotoka msikitini nilimkabili. Akaeleza taratibu. Mashine ni ya zamani, kumbukumbu yake ndogo. Giga mbili za diski inazishika daima; ikizidiwa na picha, inaazima nyingine, na ikizimwa inazirudisha. Anaiita kumbukumbu pepe. Niliona ananizuga. Nikamwambia, "Wewe na mama yako mmezoea kuingia kimyakimya."

Alichukua begi, akapanda bajaji, akaenda Pongwe kwa wajomba zake. Pilau ya Ijumaa nimeila peke yangu. Haikuwa na ladha.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeingia kwenye mipangilio, nimeizima hiyo kumbukumbu pepe. Kompyuta ikataka iwashwe upya. Nimeiwasha: giga kumi na moja! Nimecheka peke yangu. Mpaka alasiri haijapungua hata chembe. Nilijua tu.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimefungua picha zote na nasaba. Ukatokea ujumbe, kumbukumbu haitoshi. Programu ikajifunga. Upande wote wa mama yangu, kazi ya asubuhi nzima, umekwenda na maji. Nimewasha tena, ikafanya vilevile.

Hamza alisema kweli. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Nimempigia simu. "Shikamoo dada," akaitika kama siku zote. Nimemwambia mashine imegoma. Nikakata kabla ya kuomba radhi.

Jumanne, 12 Agosti
Hodi. Nilidhani ni mgeni. Kumbe Hamza, amesimama barazani, kwenye nyumba ya baba yake, anangoja akaribishwe. Miaka yote hii hajawahi kubisha.

Alikaa robo saa tu. Aliirudisha kumbukumbu pepe, akaipa ukubwa mmoja usiobadilika. "Sasa namba haitacheza, dada," akasema. "Hutakuwa na haja ya kunichunga."

Nasaba ilikuwa wazi kwenye kioo. Aliisoma mpaka chini. Jina lake lipo. Kwenye nafasi ya mama, patupu. Aliinuka, akavaa viatu. Chai nilimwekea, hakuigusa.

Jumatano, 13 Agosti
Asubuhi giga saba. Mchana giga saba. Sina wa kumshuku.

Nimefungua nasaba, nimeandika: Mwanahawa binti Salim, mke wa pili, mama yake Hamza. Nimehifadhi, kisha nikatazama nafasi ya diski.

Saba, vilevile.