Namba Ishirini na Saba Haumwi Kamwe

Nyumba ya fundi,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya mkweo, ambaye sasa hivi amesinzia kitini mdomo wazi, na ya wajukuu zako wawili, ambao hawajanituma ila ningewauliza wangenituma.

Hali yako vipi huko? Mgongo umekuachia? Mara ya mwisho uliniambia umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi, kisha nikaanza kujiuliza kama ni kweli au ulikuwa unanituliza. Safari hii nijibu kama ilivyo, usinipambie. Nimechoka na watu wanaonipambia. Sisi huku ni wazima, yaani mimi, mume wangu na watoto. Kuhusu mdogo wako, vuta kiti kwanza.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba hii haina siri. Baba hujifanya hasikii mpaka umrudie mara tatu, lakini jina lake likitajwa chumba cha nyuma anaitika. Barua anakuletea jirani yetu dereva wa basi, ameniahidi itakufikia Alhamisi. Tafadhali usiisome nusu ukaiweka chini ya godoro kama zile nyingine. Hii ina kazi ya haraka.

Nilikwambia kwamba nilitolewa masjala nikapelekwa kwenye korido ya utafiti, pale pale hospitali ya chuo kikuu. Korido ina milango mitano. Wa kwanza ni wa pumu, wa pili kisukari, wa tatu shinikizo la damu, wa nne magoti, na wa tano ni sisi makarani. Wagonjwa wanaokubali hupewa dawa, wengine mpya, wengine ile ya siku zote, na hakuna anayejua nani kapewa ipi, hata nesi anayezigawa. Kila wiki wanaulizwa maswali, wale wa magoti siku ya Jumanne. Fomu zinatufikia zikiwa na namba tu, majina hatuyaoni, nasi tunaziingiza kwenye kompyuta. Kazi hii naipenda, Shangazi, sifichi. Miaka kumi na moja nilibeba mafaili ya vumbi kutoka rafu hii kwenda rafu ile. Sasa nina meza yangu, na ninachoandika kuna mtu anakisoma.

Mkuu wetu ni profesa mmoja mama mtu mzima. Korido nzima tunamwita Mama Ushahidi, kwa sababu ukimwambia mvua inanyesha atatoa mkono dirishani kwanza.

Basi mlango wa magoti ulikuwa na mgonjwa wa namba ishirini na saba. Wiki ya kwanza, maumivu hakuna. Wiki ya pili, hakuna. Usingizi mzuri, tumbo halina neno, kizunguzungu hapana. Kuna karatasi yenye nyuso sita, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia, na mgonjwa anaonyesha kwa kidole uso unaofanana na anavyojisikia. Ishirini na saba alionyesha uso wa kwanza wiki tisa mfululizo. Watu waliomzidi ujana na nguvu walikuwa wanaonyesha wa nne. Mwenzangu wa meza ya pili akasema huyu alikosea mlango, alikuja kumsindikiza mgonjwa akapewa dawa. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Nilicheka mimi mwenyewe.

Wagonjwa pia hupewa daftari dogo la kujaza nyumbani, kila siku alama moja. Ijumaa ya juzi, tarehe 5, daftari la ishirini na saba likaja mezani kwangu kwa mara ya kwanza. Alama zote zilikuwa za chaki ya buluu, ile ya mafundi cherehani, ya kuchorea kitambaa kabla ya kukata. Ukurasa wa nne, pembeni, palikuwa na vipimo vya suruali ya mtu: kiuno, paja, urefu. Na ule mwandiko naujua tangu ananishonea sare za shule.

Jumanne zote hizo, Shangazi, Baba alikuwa anatuaga kwamba anakwenda kununua uzi. Jumanne kumi, moja ya kujiandikisha na tisa za maswali! Uzi mweusi peke yake tunao wa kushonea mji mzima.

Hasira yangu nusu ilikuwa kwake na nusu kwangu. Kwa miezi miwili nilikuwa ninamwona. Anainuka kwenye cherehani huku ameshika meza kwa mikono miwili. Chai anaiacha nusu. Akikaa kupinda nguo anakandamiza mto wa kiti tumboni. Nilipomuuliza alisema anautumia kuegemezea kitambaa kizito, nami nikaamini, na elimu yangu yote.

Jioni ile nilimkuta ana pini mdomoni. Nikamuuliza moja kwa moja, "Baba, wewe ndiye namba ishirini na saba?" Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa, akasema, "Namba ni siri. Nesi alitwambia."

"Kwa nini unamwambia nesi huumwi?"

"Yule binti ana adabu. Anakuja, ananiambia shikamoo babu, habari za magoti. Mtu amekusalimia vizuri namna ile, utamjibu magoti mabaya?"

"Hiyo si salamu, Baba! Ni fomu!"

"Fomu iliyoanza na shikamoo," akasema.

Nikamuuliza kuhusu zile nyuso. Akanitolea macho kana kwamba nimemvua kofia mbele za watu. Yeye, mtu mzima na mvi zake, amwonyeshe mtoto wa watu uso unaolia? Nikamuuliza kuhusu swali la kumi na mbili, linalohusu rangi ya choo. Akakiri kwamba nesi aliliuliza kila wiki. Nikamuuliza alikuwa anajibu nini.

"Nilikuwa namuuliza wazazi wake wanaendeleaje."

Ningecheka, Shangazi, lakini swali la kumi na mbili halikuwekwa pale kwa mzaha. Dawa za magoti zinaweza kuchubua tumbo, na choo kikiwa cheusi maana yake ndani kunavuja damu. Nikamuuliza chake ni cha rangi gani, akageukia cherehani. Nikamtuma mume wangu, wanaume wakazungumze. Hakukaa dakika mbili akarudi. Akasema ni cheusi kama lami, tangu wiki ya sita. Kisha, huku anakuna shingo, akaongeza kwamba yeye alijua tangu wiki ya saba, ila mzee alimwomba asinitie wasiwasi. Huyo naye ningekuwa na shangazi yake wa kumwandikia, ningemwandikia leo leo.

Kopo la vidonge nililifungia kabatini usiku ule ule, na Jumatatu asubuhi nikaliweka mezani kwa Mama Ushahidi. Hakufoka. Aliniondoa kwenye fomu za magoti papo hapo, akasimamisha dawa, akaagiza Baba aletwe. Mdogo wako akaja na suti! Ile ya kijivu aliyoshona kwa ajili ya harusi yangu, na viatu vimepigwa rangi. Wakampima damu, ikaonekana imepungua. Mama Ushahidi akamuuliza kama tumbo linauma. Akasema anamshukuru Mungu. Akamuuliza tena, linauma au haliumi. Akasema si vibaya. Profesa mzima, mwenye vyeti vimejaa ukuta, alivua miwani akaiweka mezani akanitazama mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Inatakiwa apitishiwe mpira mwembamba wenye kamera, kooni hadi tumboni, waone kama kuna kidonda, na wakikikuta wakizibe hapo hapo. Siku ni Jumanne tarehe 23, saa mbili asubuhi. Kidonda kikiachwa kinaweza kupasuka siku yoyote, na akivuja damu nyingi nyumbani hatutawahi kumfikisha. Mama Ushahidi alinieleza hivyo bila kupindisha, na alimweleza na Baba. Lakini lazima mgonjwa akubali na kutia sahihi mwenyewe. Baba akasema atafikiria. Tulipofika nyumbani akasema haendi ng'o.

Nilidhani anaogopa mpira. Nikambembeleza, hakusikia. Nikagomba hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Nikanuna siku mbili nisiseme naye, naye akaonekana kuufurahia utulivu, akamaliza suruali tatu.

Alhamisi ndiyo aliniita mwenyewe. Kwenye benchi la wagonjwa wa magoti kuna mzee mmoja wanamwita Redio, na jina limemkaa. Redio ndiye aliyewatangazia kwamba dawa ikionekana ina madhara, utafiti unafungwa, korido inafungwa, na wa kwanza kurudishwa nyumbani ni makarani. Kumbe hata kujiandikisha kwake kulianzia hapo. Mwanzoni kabisa nilikuja nyumbani nikalalamika mezani kwamba mlango wa magoti haujapata watu wa kutosha na huenda usianze. Baba akamaliza chakula chake. Jumanne iliyofuata akaenda kununua uzi.

"Miaka kumi na moja ulikuwa unarudi na vumbi kichwani," akaniambia. "Sasa unarudi unaongea. Nikaona tumbo langu lisije likakuharibia."

Shangazi, sikujua nimkumbatie au nimtikise. Nilikaa juu ya nguo alizotoka kuzipiga pasi, nikalia kwa hasira, na kwa kumpenda, vyote pamoja. Nikamweleza kwamba utafiti haufungwi hivyo. Nikamweleza kwamba jibu baya nalo ni jibu, ndilo tunalolitafuta, na kwamba kila uso wa kicheko aliouonyesha ulikuwa unamwambia Mama Ushahidi dawa hii ni salama, wakawape na wazee wengine. Alinisikiliza anatikisa kichwa, vile anavyomsikiliza mteja asiyejua kitambaa. Nilipomaliza akasema amenielewa, mwanangu, lakini kwenye mpira haendi, maana wakikuta kidonda wataandika.

Nimeishiwa mbinu. Umebaki wewe. Ana miaka sabini na moja, lakini sauti yako ikitoka kwenye simu anakaa wima na kufunga vifungo. Nakuomba upige Ijumaa jioni, atakuwa nyumbani. Usimwulize hali, atakwambia njema na utakuwa umeshampoteza. Muulize rangi ya choo, waziwazi, kama dada yake mkubwa aliyemwogesha. Akianza kukuuliza habari za mgongo wako, mkatize. Mwamuru. Mimi ni mtoto, siwezi kumwamuru.

Nisisahau, sweta ulilotuma limemfaa mtoto wa pili, mikono tu ndiyo mirefu. Baba alitaka kuikata siku ile ile nikamkataza, mtoto anakua. Asante sana. Na ile picha yako uliyopiga mlangoni tumeiweka sebuleni, ingawa umekunja uso kama unamdai mpiga picha.

Wasalimie binti zako wote watatu na mumeo, na yule jirani yako mwalimu anayekusomea barua macho yakichoka. Kama ndiye anayesoma sasa hivi, namwomba radhi kwa habari za choo. Mume wangu anakusalimu tena, ameamka. Mungu akutunze, akunyooshe mgongo, na akupe sauti kali Ijumaa.

Kuna jambo moja nimelisogeza hadi mwisho wa karatasi kwa sababu bado linaniuma. Ijumaa asubuhi nilimwandikia Mama Ushahidi nikiomba nirudishwe masjala. Alikataa mara mbili. Alisema sijakosa lolote na meza ni yangu. Nikamwambia kwamba Baba nimeshamweleza kwa maneno yote niliyonayo, naye bado ananilinda, na muda unakwisha. Mara ya tatu akatia sahihi. Kesho naanzia kule chini, masjala.

Baba hajui. Nimejaribu kumwambia tangu juzi, nikifungua mdomo naona ile suti ya kijivu. Mwambie wewe, Shangazi. Mwambie ile meza sina tena, amekaa mtu mwingine, na kule juu hakuna kilichobaki cha yeye kukilinda. Mwambie Jumanne aende, na wakimuuliza, aseme panapouma.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na sasa ninayekutegemea,

Binti wa mdogo wako.