Sukari Kwenye Loshoro

Wifi yangu Naomi,

Nimekaa nje ya jiko lako, kwenye kile kigoda ulichosema kinanifaa mimi kwa sababu nikishakaa siondoki. Migomba ya upande wa kaburi lako imezaa, na mkungu mmoja tumeshaukata. Hali sikuulizi. Wewe ndiye ungeniuliza, tena kwa ukali, kwa nini nilifunga nyumba nikaondoka, na kwa nini nimerudi. Basi ngoja nikueleze.

Ulipofariki, niliamua kuhama. Upendo, binti yangu, aliniita nikakae naye Songea, nami nikakubali. Uenyekiti wa kitongoji nikasema wamtafute mwingine. Huku Meru nilikuwa na watu wawili tu, kaka yako Eliya na wewe. Eliya alitangulia, na sasa wewe umemfuata. Nikajiuliza, mimi Mmachame nabaki huku kwa nani?

Unakumbuka nilivyokuja. Miaka yote tuliishi mjini, Levolosi, Eliya na gereji yake, mimi na cherehani yangu, na huku mlimani tulipanda sikukuu tu. Tulipomzika hapa, nilijua matanga yakiisha nitarudi mjini. Begi langu lilikuwa tayari mlangoni. Ukalichukua, ukalirudisha chumbani, ukaniambia, "Wifi, nyumba ya kaka haifungwi. Washa moto." Nikawasha. Sikuwahi kukushukuru kwa lile begi. Nakushukuru leo.

Siasa nayo uliniingiza wewe. Mimi nilikuwa mtu wa kulalamika tu, kwamba mfereji unafika kwangu mkavu, kwamba watu wa juu wanafungulia maji hata siku za zamu yetu. Ukasema nimekuchosha masikio, heri nigombee. Nikadhani unatania. Kesho yake ulikuja na fimbo yako na kanga safi, ukasema twende tukawasalimie watu.

Kanuni yako ilikuwa moja. "Usiombe kura mlangoni. Kaa, kula, uliza ng'ombe wanaendeleaje. Kura watakupa wenyewe." Ila hukunionya kwamba kila nyumba itakuwa na loshoro. Mimi nimelelewa kwa mtori wa ndizi, Naomi. Hayo mahindi yenu kwenye maziwa mgando yalinishinda tangu nilipoolewa, na sehemu yangu alikuwa ananilia Eliya, kwa siri, maskini, mpaka akanenepa.

Kwa Mzee Elifasi, mkubwa wa ukoo wenu, hakukuwa na Eliya wa kuniokoa. Wazee wa ukoo wamejaa sebuleni, bakuli limejaa hadi juu, na wote wananitazama mimi. Nikaona kopo la sukari ya chai mezani. Nikachota kijiko, nikamwagia, nikaongeza na kingine, nikakoroga, nikaanza kula.

Mzee Elifasi alinitazama kana kwamba nimemwagia mafuta ya taa. "Ndiyo maana tunasema huyu si wa hapa," akasema. "Atatuongoza vipi mtu ambaye hata kula hajui?" Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Wewe ukavuta bakuli langu taratibu, ukala, ukafuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Ni mbaya," ukasema. "Lakini amekula. Na mume wake tumemlaza pale kwenye migomba. Mnataka awe wa wapi tena?"

Kisha mmoja akacheka, wakacheka wote, isipokuwa Mzee Elifasi. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Mama Sukari, na nikashinda kwa jina hilo. Mpaka leo naamini nusu ya walionipigia kura hawajui jina langu la ubatizo.

Kazi yenyewe haikuwa nilivyodhani. Nilidhani siasa ni kusema, na kusema nilikuwa najiweza. Kumbe ni kukaa na watu wawili wanaogombania mpaka wa shamba, kusikiliza habari za babu zao mpaka chai ipoe, halafu kesho yake kuanza upya. Jioni nikija kwako nimechoka unanisikiliza, unanimenyea ndizi, hunipi ushauri wowote. Nilikuwa nakasirika kwamba hunipi ushauri. Sasa najua nilichokuwa nakifuata kwako ni kule kusikilizwa. Kwenye mazishi yako nilitakiwa kusema maneno mawili kwa niaba ya kitongoji. Nilisimama, nikataja jina lako, nikakaa.

Basi nikaenda Songea. Sikujua kama nchi yetu ni ndefu hivi. Mimi safari zangu zilikuwa Moshi, na Dar mara chache kwa harusi. Nilipita Dodoma kwenye vumbi na jua, Iringa kwenye vilima, na Njombe nikaona baridi inayoweza kutukanana na ya kwetu. Kila mahali nilikuwa nageuka upande wa kiti cha pili nikuambie kitu.

Hapo Njombe akapanda mama mmoja, akakaa kwenye kiti hicho. Tukaongea vizuri mpaka alipoanza habari za mwenyekiti wa mtaa wake. Mwenyekiti huyo, ukimhitaji, unaambiwa amesafiri, yuko kwa wanawe. Bomba la maji limepasuka, yeye yuko kwa wanawe. "Watu kama hao wanagombea ya nini?" akaniuliza, ananitazama usoni. Nikajifanya nimepitiwa na usingizi. Wewe ungecheka mpaka ushike mbavu.

Kwa Upendo nilipokelewa vizuri, chumba kizuri, kitanda kizuri. Lakini kila asubuhi nilikuwa naamka nawaza zamu ya mfereji leo ni ya nani. Siku moja nikampigia simu katibu wa kitongoji, nikauliza wamempata nani badala yangu. Akasema hawajatafuta. Kikao cha maji kimeahirishwa, Mzee Elifasi amekataa kisifanyike mpaka Mama Sukari arudi. Nikadhani nimesikia vibaya, nikamwambia arudie. Upendo akaanza kukunja nguo zangu na kuzipanga kwenye begi.

Jumamosi tumefanya ibada yako ya shukrani, hapa uani kwako. Loshoro nimepika mwenyewe, kwa sufuria lako. Wanasema haikuwa mbaya, ila nilichelewa kuepua. Nikagawa, nikakaa na bakuli langu pembeni, najikaza nile kimyakimya kwa heshima yako. Mzee Elifasi akaja na fimbo yake, akatoa kopo la sukari kwenye mfuko wa koti, akaliweka mbele yangu.

"Hii ni ya kwako, mwenyekiti," akasema. "Itakaa hapa kwa Naomi, usihangaike kuitafuta."

Halafu akachota kijiko kimoja cha sukari, akamwagia kwenye bakuli lake mwenyewe, mbele ya ukoo wote. Akala. Uso ukamkunjamana.

"Naomi alisema kweli," akasema. "Ni mbaya." Na akaendelea kula mpaka bakuli likaisha.

Watu walicheka, mimi nikalia. Nililia kwa furaha, wifi, na kwa sababu hukuwepo kuona, na kwa sababu yote yale ulikuwa umeyapanda wewe.

Sihami tena. Nakuahidi jiko lako halitapoa nikiwa hai, na kila nikitoka kikaoni nitapita hapa kukusimulia, hata kama hunijibu, maana hata zamani hukuwa unanijibu. Na siku yangu ikifika, wasinipeleke Machame. Nimeshawaambia nilazwe kati yako na Eliya, mnisogezee nafasi.

Pumzika, mama wa watu. Ahsante kwa lile begi. Kopo nimeliweka kwenye rafu yako, karibu na chumvi.

Wifi yako,
Mama Sukari