Maswali Arobaini ya Mfaransa

Mama mpendwa,

Nisamehe. Tangu theluji ya kwanza hujapata kwangu hata mstari mmoja, na sasa maua yamechanua mpaka yamepukutika. Si jeuri, mama, ni uchovu. Natumaini mgongo wako umepoa, na baba bado anakuficha sigara zake. Sisi tu wazima. Mjukuu wako Nagi ameota meno manne, yote ameyajaribia begani kwangu.

Kazi ni ileile kwa Mwalimu Kuramochi, mchoraji wa vile vitabu vya mizimu na mapanga unavyoviita upuuzi. Yeye anachora, mimi najaza maneno kwenye viputo vya midomoni mwa wahusika na kuwajibu wafasiri wa nje. Mama, watanizeesha hawa! Yupo Mfaransa, Bwana Thibaud, kaleta maswali arobaini, yote juu ya mzimu mmoja: Bibi Masizi, kizee anayewasimanga mashujaa mpaka mapanga yanawadondoka. Shujaa akijitaja, herufi kubwa zinasema Simba wa Vita, lakini zile ndogo za pembeni, za kuonyesha matamshi, Bibi anazigeuza zisomeke Paka wa Jikoni. Msomaji wetu anaona yote kwa pamoja, anacheka. Thibaud akauliza aandike lipi. Nikamwambia yote mawili. Akasema kiputo hakina nafasi. Nikaeleza kurasa mbili nzima. Akajibu kwa adabu kwamba sasa ameelewa, ila hajacheka. Nililia, mtoto mgongoni, uji wa mchele unaungua.

Mhariri naye akaniita. Akasema kama vichekesho havivuki, Bibi Masizi atafyekwa kwenye toleo la nje, sura tatu nzima. Mimi ninayemwinamia kila mtu, siku hiyo nilisema hapana. Akashangaa, akauliza kwani huyo kizee ni nani wangu.

Ni wewe, mama.

Mwalimu alipotaka masimango, nilimpa yako. "Uso kama andazi la mchele lililokaliwa!" "Mvivu wewe, hata kivuli chako kinalala kabla yako!" Anadhani nimeyatunga.  Nilitoka kwa mhariri nikamwandikia Thibaud aachane na majina, bibi aseme masimango hayo tu, kama mama anayemfokea binti anayempenda. Akajibu kwamba mama yake alikuwa hivyohivyo, na amecheka mpaka akamwaga kahawa. Bibi amebaki.

Kasirika, lakini usininunie kama ulivyoninunia nilipoolewa. Pambano la mwisho linachorwa mwezi ujao na maneno yameniishia, maana huku hakuna wa kunifokea.

Msalimie baba, na jirani Bi Tome aliyeuliza habari zangu. Naomba unitumie: figili zako za kukausha kwa moshi, mbili, kopo moja la miso, lile rojo lako la soya, ile mbeleko yangu ya buluu maana hii niliyonayo imechanika, na barua ya kunisimanga, ndefu, bila kunihurumia, ukianzia na jinsi nilivyochelewa kukuandikia.

Mwanao,
Chizuru